"Haina mbegu," aliniambia muuzaji. Mbona lantana yangu inaota ng'ambo ya korongo?

*Swali: Miaka mitatu iliyopita nilinunua kitaluni miche 12 ya lantana nikaipanda iwe wigo wa mbele ya nyumba. Muuzaji alinihakikishia kuwa ni aina ya bustanini, haina mbegu, haisambai. Mwaka huu nimehesabu miche zaidi ya 20 nje ya wigo, mingine imeota chini ya mti ulio ng'ambo ya korongo, kama hatua 60 kutoka kwangu. Jirani anasema ni mmea vamizi, ni sumu kwa mbuzi wake, na niung'oe wote leo. Muuzaji naye bado anauza miche ileile. Je, jirani anatia chumvi? Kama mmea ni hatari, mbona unauzwa hadharani? Nitaung'oaje usirudi? Na nitawaambiaje wenzangu wa kikundi cha bustani, ambao wengi niliwagawia vipande, bila kuonekana naharibu biashara ya mtu?*

Jirani yako yuko sahihi karibu kwa yote, isipokuwa hilo la "leo". Lantana ya bustani, kwa jina la kitaalamu *Lantana camara*, imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Wigo wa mashina 12 ni kazi ya siku mbili tatu kwa mtu mwenye sururu. Ila ukiung'oa kwa pupa huku matunda yameiva, utamwaga mbegu kila utakapoburuta tawi. Kwa hiyo kazi ya leo ni kukata mashada yote yenye matunda na kuyafungia kwenye mfuko. Kung'oa kunaweza kusubiri wiki moja au mbili, hadi udongo uwe na unyevu.

Jambo la pili, usijibebeshe lawama isiyo yako. Uliuliza kabla ya kununua, ukapewa jibu ukaliamini. Wengi hawaulizi kabisa.

Tulitenganishe kwanza neno "vamizi" na neno "geni", kwa sababu yakichanganywa watu huacha kusikiliza. Mahindi, nyanya na mihogo asili yake ni bara la Amerika, na hakuna anayelalamika kwamba mahindi yamevamia msitu. Mmea mgeni hukaa ulipopandwa, na ukiachwa bila matunzo mara nyingi hufa. Mmea vamizi hutoka wenyewe, huota pasipo kupandwa, kisha huwasonga waliokuwepo. Wanaikolojia wana makadirio yao ya jumla: katika mimea kumi inayoletwa ugenini, mmoja hivi hutoroka, katika kumi iliyojiimarisha nje ya bustani, mmoja hivi huwa balaa. Si kanuni ya hisabati, na baadhi ya makundi ya mimea huipita mbali, lakini inasaidia kuona kwamba sehemu kubwa ya bustani yako haina kosa lolote. Tunayemtafuta ni yule mmoja.

Sasa nenda kwenye wigo wako, chagua shada moja la maua ulitazame kwa karibu. Vijiua vya katikati, vilivyofunguka karibuni, mara nyingi ni vya njano. Vya pembeni vimegeuka rangi ya chungwa, nyekundu au waridi. Kijiua hubadilika rangi kadiri kinavyokua na kuchavushwa, na wadudu huvifuata zaidi vile vya njano. Sogeza macho chini kidogo, kwenye mashada ambayo petali zake zimeshadondoka. Kama ni tasa kweli, utakuta vikonyo vitupu vinavyokauka. Kama si tasa, utakuta kishada cha matunda ya kijani ambayo baadaye huwa zambarau iliyokolea hadi nyeusi inayong'aa, kila moja na upana wa milimita 5 au 6. Chuma moja lililoiva, liminye kwa vidole huku umevaa glavu. Nyama yake ni laini, na ndani yake mna kokwa moja gumu. Hilo kokwa ndilo mbegu ambayo uliambiwa haipo. Mmea mmoja uliokomaa unaweza kutoa maelfu ya matunda kwa mwaka.

Ndege hulimeza tunda zima, hunufaika na ile nyama, halafu huruka kwenda kutua. Kokwa hutoka na kinyesi chini ya mahali alipotua, likiwa limevuliwa nyama, na kuvuliwa huko huongeza uwezekano wa kuota. Ndiyo maana miche yako haikuanzia kwenye wigo na kwenda mbele taratibu kama maji yanayotambaa. Iliruka hatua 60 ikaota chini ya mti. Ukitaka kujua mingine ilipo, usipekue kila mahali. Angalia chini ya miti yenye matawi ya kutulia ndege, chini ya nyaya, kando ya uzio na kwenye kingo za korongo.

Hakikisha pia kwamba miche unayoiona ni lantana. Shina lake lina pembe nne, na mara nyingi vimiba vidogo vilivyopinda. Majani yake hukaa mawilimawili yakielekeana, yanakwaruza kama msasa, na ukiyasugua hutoa harufu kali. Usishangae mche wa korongoni ukichanua rangi tofauti na wigo wako. Lantana ya bustani ni machotara: ilitoka Amerika ya kitropiki, ikafika Ulaya katika karne ya 17, na wakulima wa maua wa huko wakaichanganya na kuichagua hadi zikapatikana aina mamia. Mbegu ya chotara haifanani na mzazi. Kwa hiyo mwenye kitalu akikuambia, "Ile ya korongoni ni ya porini, yangu ni ya bustanini," hoja yake haina mguu. Ile ya porini ndiyo ya bustanini iliyotoroka.

Hili neno "haina mbegu" nalo lina maana nyingi, na muuzaji huenda hakukudanganya kwa makusudi. Mara nyingine ni kweli kabisa: wapo wazalishaji waliotengeneza lantana zenye seti tatu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe, badala ya mbili au nne. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa wakati wa kuunda chembe za uzazi, kwa hiyo tunda halifungi au linafunga kwa nadra sana. Lakini hata hapo inabidi kuuliza kuhusu chavua. Mmea unaweza usizae wenyewe, na chavua yake ikazalisha matunda kwenye mmea wa jirani. Huko Florida, Marekani, lantana ya bustani imechanganyika na lantana ya asili ya huko, *Lantana depressa*, kiasi kwamba ile ya asili iko hatarini kupotea ndani ya uchotara.

Mara nyingine "haina mbegu" ina maana kwamba haizai ikiwa peke yake. Mfano ulio maarufu zaidi ni wa peasi la mapambo, *Pyrus calleryana*, lililoingizwa sokoni Marekani katika miaka ya 1960. Aina ya kwanza, Bradford, haikuweza kujichavusha, na miti yote ilikuwa nakala za mti mmoja, basi ikaonekana tasa. Zilipotolewa aina nyingine, zikapandwa mtaa mmoja na ile ya kwanza, zilichavushana. Hata shina la chini lenye mizizi, ambalo Bradford iliunganishwa juu yake, likichipua lilitosha kuwa mchavushaji. Leo mti huo umejaa kwenye mashamba yaliyoachwa na kando ya barabara, na majimbo kama Ohio, tangu Januari 2023, na South Carolina, tangu Oktoba 2024, yamepiga marufuku kuuza. Kutoka mti wa fahari hadi marufuku ilichukua takriban miaka 60. Ua jingine, *Lythrum salicaria*, liliuzwa kwa aina zilizosemwa kuwa tasa, hadi zilipokutana na ndugu zao wa porini zikazaa vizuri tu.

Kuna pia mmea usio na mbegu na bado ni vamizi. *Reynoutria japonica* nchini Uingereza ni nakala za mmea mmoja wa kike. Umesambaa nchi nzima kwa vipande vya shina la chini ya ardhi, na kipande chenye uzito usiofika gramu moja kinatosha kuota. Gugu maji nalo, lililopelekwa mabara mengine kwa ajili ya ua lake la zambarau na kufika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, huongezeka zaidi kwa kujikatakata kuliko kwa mbegu. Lantana yenyewe, tawi lake likilala juu ya udongo wenye unyevu, hutoa mizizi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni mawili kwa pamoja: "Unatoa mbegu?" na "Kipande kikitupwa, kinaota?"

Ukitaka kupima mwenyewe kama mmea ni tasa, funga uzi wa rangi kwenye mashada 20 yaliyomaliza kuchanua, uyatazame kila wiki kwa wiki sita. Kukiwa na matunda hata kwenye mashada machache, usiuhesabu kuwa tasa. Kipimo cha kuotesha mbegu kwenye trei hakifai kwa mtu anayetaka jibu la haraka. Mbegu za lantana huota chache na kwa kupishana, baadhi hukaa udongoni miaka kadhaa kabla ya kuota, na trei iliyokaa mwezi mzima bila mche haithibitishi chochote.

Mbona basi inauzwa hadharani? Jiulize mwenye kitalu anatafuta mmea wa namna gani. Uwe unashika mizizi kutoka kwenye kipande bila kubembelezwa, usiliwe na wadudu, uvumilie kiu na safari, uchanue ukiwa bado mdogo ndani ya mfuko, na uendelee kuchanua miezi mingi. Sisi wanunuzi nasi tunadai hayohayo: "Nipe kinachokua haraka, kisichotaka maji mengi." Sifa hizo ndizo zinazouwezesha mmea kuishi bila mtunzaji. Si kwamba kitalu kinachagua mimea mibaya. Kinachagua mimea hodari, na baadhi ya hodari haziheshimu uzio.

Halafu kuna wingi na muda. Mbegu chache zikitoroka, ukame, moto au wadudu wanaweza kuzimaliza. Mmea ukiuzwa mwaka baada ya mwaka, katika mamia ya bustani, kila bahati mbaya inafidiwa na bustani nyingine. Hili lilipimwa kwa kutumia katalogi za kitalu kimoja cha zamani huko Florida, Royal Palm Nursery, za kuanzia 1887 hadi 1930. Mimea iliyouzwa mwaka mmoja tu, karibu 2 kati ya 100 ndiyo iliyokuja kuota yenyewe nje. Iliyouzwa miaka 30 au zaidi, karibu 70 kati ya 100. Ndiyo maana kuusitisha mmea mapema kitaluni kunaleta faida kubwa kuliko sururu zote zitakazofuata.

Muda huo ndio unaowapumbaza wauzaji. "Nimeuza huu mmea miaka 20, sijaona shida." Anasema kweli, hajaiona. Mtafiti Ingo Kowarik alipochunguza miti na vichaka vilivyoletwa Brandenburg, Ujerumani, alikuta kwamba tangu mmea kuletwa hadi kuanza kusambaa wenyewe ilipita wastani wa miaka 147. Sehemu zenye joto muda huo huwa mfupi zaidi. *Miconia calvescens*, mti wenye majani makubwa ya kuvutia, ulipandwa katika bustani ya mimea huko Tahiti mwaka 1937, na ndani ya miongo mitano hivi ukawa umeenea zaidi ya nusu ya kisiwa hicho. Hata hivyo miaka 50 ni mingi kuliko umri wa vitalu vingi.

Sheria nayo hufuata nyuma, na kila nchi ina orodha yake. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza gugu maji mwaka 2016. Afrika Kusini inakataza biashara ya lantana zote za kigeni zinazotoa mbegu, na inamtaka mwenye ardhi azidhibiti. Kwingine mmea huohuo uko huru, au umekatazwa kwenye karatasi na hakuna anayekagua. Usichukue ukimya wa sheria kuwa cheti cha usalama, wala usimwambie muuzaji anavunja sheria kabla hujasoma orodha ya nchi yenu.

Kuhusu mbuzi wa jirani, naomba ulichukue kwa uzito. Majani ya lantana yana sumu iitwayo lantadeni, inayoharibu ini la ng'ombe, kondoo na mbuzi. Ini likishindwa kutoa nyongo, mabaki ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hujaa kwenye damu, na ngozi isiyo na manyoya mengi huungua kwa jua. Utaona macho ya njano, pua na masikio yaliyovimba na kubabuka, mnyama kukataa kula, kufunga choo na kutafuta kivuli. Wanyama waliozoea eneo mara nyingi hukwepa lantana. Wanaodhurika ni wenye njaa, wageni, au waliotupiwa matawi yaliyokatwa. Hiyo ya mwisho ndiyo hatari unayoweza kuisababisha wewe wiki hii, kwa hiyo matawi yako yasiachwe mahali mbuzi anaweza kufika. Dalili zikionekana, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo na mweke mnyama kivulini. Matibabu ya kunyonya sumu tumboni hufaa yakiwahi. Mtoto akila matunda, hasa mabichi ya kijani, mpeleke hospitali mkiwa na tawi la mmea mkononi, bila kusubiri atapike.

Kuna watakaokuambia uuache kwa sababu vipepeo wanaupenda. Ni kweli, wanakunywa nekta yake. Lakini kipepeo hutaga mayai kwenye majani ambayo kiwavi wake anaweza kuyala, na kwa vipepeo wengi majani hayo ni ya mimea ya asili ambayo kichaka cha lantana huisonga kwa kivuli na kwa kemikali zinazozuia mimea mingine kuota.

Je, unaweza kubaki nao kwa masharti? Mmea mmoja kwenye chungu mlangoni, unaopita mbele yake kila siku, ndiyo, ukikata kila shada lililonyauka angalau mara moja kila wiki mbili, bila kukosa, hata ukisafiri. Wigo wa mashina 12, hapana. Siku moja utaumwa au mvua itakuzuia, na ndege hawatakusubiri. Kubadilisha na lantana iliyothibitishwa kuwa tasa ni njia ya kati, mradi muuzaji akupe jina kamili la aina hiyo na uwe tayari kuipima kwa ule uzi wa rangi. Kwa hali yako, ambako miche imeshafika korongoni, ushauri wangu ni kuuondoa wote na kupanda kitu kingine. Wala usitegemee wadudu wa kuula: tangu mwaka 1902, walipoachiwa Hawaii kwa mara ya kwanza, wadudu wengi wamejaribiwa duniani, na mafanikio yamekuwa nusunusu, kwa sababu ule uchotara unaifanya kila aina imshinde mdudu kwa namna yake.

Kung'oa kunafuata mpangilio huu. Mashada yakishaondolewa, vaa mikono mirefu na glavu nene, pogoa matawi hadi kibaki kisiki cha urefu wa goti, upate cha kushika. Chimbua udongo kuzunguka shina hadi uone pale shina linapoungana na mzizi mkuu, mahali penye uvimbe kidogo. Hapo ndipo machipukizi hutokea. Watu wengi hukosea kwa kukata juu yake, na baada ya wiki chache mmea hurudi na mashina manne badala ya moja. Kuchoma moto kuna kosa lilelile. Kata mzizi mkuu chini ya uvimbe huo, sentimita 5 hadi 10 chini ya usawa wa ardhi, nyanyua kisiki, kung'uta udongo, kigeuze mizizi juu na ukiweke juu ya mawe au mabati kikauke. Kikilala kwenye udongo mbichi, kitashika upya. Miche midogo ing'oe kwa mkono baada ya mvua, ukivuta kutoka chini kabisa, taratibu, mzizi utoke mzima.

Kisiki kisichofikika kwa sababu ya jiwe au ukuta kinaweza kukatwa karibu na ardhi na kupakwa dawa ya magugu iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, kwa brashi, ndani ya sekunde kama 15 baada ya kukata. Ukichelewa, jeraha hujifunga na dawa haiingii. Kipimo ni kile cha kwenye lebo. Kando ya korongo lenye maji usitumie dawa kabla ya kuongea na bwana shamba.

Matunda yaliyofungiwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki yaache juani wiki kadhaa hadi yaoze kabisa. Yasiingie kwenye mboji, kwa sababu rundo la mboji la nyumbani mara nyingi halipati joto la kuua mbegu hizo. Matawi yasiyo na matunda yakaushwe yakiwa hayagusi ardhi. Kuyatupa korongoni ni kuyapanda.

Udongo uliobaki wazi ndio tatizo linalofuata. Jua likiugusa, mbegu zilizolala zitaamka kwa wingi, na watu hukata tamaa hapo wakidhani wameshindwa. Hawajashindwa, wanaona mbegu zikitoka ghalani. Tandaza majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa sentimita 8 hadi 10, panda wigo mpya mapema ili kivuli kirudi, na pita kila wiki nne wakati wa mvua kung'oa miche kabla haijachanua. Panga kufanya hivyo kwa angalau miaka 3. Korongoni anzia kwenye miche ya mbali zaidi ukirudi nyuma kuelekea nyumbani, ili usiache chanzo kipya kikikomaa mgongoni mwako.

Sasa wenzako. Usiwaandikie kwamba "mimea ya kigeni ni hatari". Ni ujumbe mpana mno, na anayeusoma hajui afanye nini kesho. Waambie jambo moja: vile vipande nilivyowapa vinatoa mbegu, hii hapa picha ya matunda kwenye kiganja changu, hii hapa picha ya mche ng'ambo ya korongo, kateni mashada wiki hii, na Jumamosi fulani nitakuja na sururu kusaidia. Anayeanza kwa kusema "nilikosea, nimeanza kurekebisha" hawakasirishi watu. Picha ya tunda ina nguvu kuliko picha ya ua, kwa sababu ua wanalijua, tunda hawajawahi kuliangalia. Lile kosa la kung'oa mmea usiohusika pia liepukwe: nchi kadhaa zina lantana zao za asili zinazofanana na hii kwa mbali, kwa hiyo asing'oe mtu kichaka cha porini kabla hakijatambuliwa.

Kwa mwenye kitalu nenda saa isiyo na wateja, peke yako. Mpe jina la kitaalamu la mmea, muoneshe matunda uliyochuma kwenye miche aliyokuuzia, na umuulize aliipata wapi. Mara nyingi naye aliambiwa "haina mbegu" na aliyemuuzia. Mwombe mambo mawili yanayowezekana: aandike jina la kitaalamu kwenye kibao cha kila mmea, na aache kuzalisha vipande vipya vya huu hata kama atamalizia alivyo navyo kwa kuvikata maua. Kisha mpe sababu ya kibiashara, yaani kikundi chenu kinahitaji miche ya wigo mpya na mko tayari kuagiza kwake. Wazo la vitalu kujiwekea masharti si geni. Desemba 2001, katika mkutano uliofanyika St. Louis, Marekani, ziliandikwa kanuni za hiari kwa ajili ya wenye vitalu, wabunifu wa bustani, bustani za mimea na wanunuzi wenyewe, zikiwataka wenye vitalu waache kuzalisha mimea iliyothibitika kuwa vamizi katika eneo lao na watangaze mbadala. Mbadala usiutafute kwa rangi ya ua peke yake. Taja kazi: wigo wa kiunoni, unaostahimili jua kali, wa kijani mwaka mzima. Kitalu kizuri kitakupa majina matatu ya mimea ya asili ya eneo lenu, na kwa kila jina uliza yale maswali mawili.

Mtaalamu wa kufika mwenyewe mtafute kama kingo za korongo zina mteremko mkali, kwa maana kung'oa kila kitu kwa mpigo kutaachia udongo ubebwe na mvua, na hapo kazi hufanywa kwa vipande huku mimea mingine ikipandwa nyuma. Mtafute pia kama lantana imeshafunga kichaka kisichopitika, kama korongo linaingia kwenye msitu wa hifadhi, au kama huna uhakika na utambulisho. Programu za simu za kutambua mimea hutoa dhana, si jibu. Peleka sampuli kwenye idara ya mimea ya chuo kikuu au bustani ya mimea iliyo karibu: tawi la sentimita 30 hivi lenye majani, maua na matunda kwa pamoja, limebanwa bapa katikati ya magazeti makavu, na karatasi yenye tarehe, mahali ulipolikata, rangi ya maua yakiwa mabichi, na jina ambalo kitalu kilikuuzia.